UZI: Kushona nguo za joto la Dodoma, upendeze na usichemke (suruali pana, shati kubwa, seti, khanga)

Uzi na Mkasi (mleta uzi)

Habari za majukumu wadau. Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu joto lianze na leo nimeona niushushe wote, maana kila siku kazini naulizwa hiyo suruali umenunua wapi, hilo shati umetoa Kariakoo ama, na nikisema nimeshona mwenyewe mtu anadhani nna siri fulani nimeficha. Sina siri. Nna cherehani ya miguu niliyorithi kwa mama, nipo Ipagala, mwaka wa sita huu najishonea na nyingine nimeziharibu kabisa, ntazisema huko mbele ili usirudie.

Kwanza tuelewane kuhusu joto la hapa kwetu, hapa ndo watu wengi wanakosea. Joto la Dar na joto la Dodoma ni vitu viwili tofauti. Dar hewa imejaa maji, jasho linakaa mwilini halikauki, ndo maana mtu anatamani avue kila kitu. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, hewa kavu, mvua inakuja Desemba na Aprili inaondoka. Oktoba na Novemba inafika nyuzi 31 mpaka 32 na jua linapiga utosini bila huruma, ila ukiingia tu chini ya mti unasikia nafuu papo hapo. Maana yake jasho letu linakauka haraka likipata upenyo. Kwaiyo nguo ya joto la Dodoma haina haja ya kuwa fupi wala kuacha mabega wazi, inatakiwa iwe PANA, iwe nyepesi, na kitambaa kiwe kinanyonya jasho. Angalia mtu aliyevaa kitopu cha kamba akitembea saa saba mchana toka kituo cha daladala, anafika mabega yamebabuka, mwenzie kavaa shati jepesi la mikono mirefu limemwaga, upepo unaingia huku unatokea kule, ametulia kabisa.

Na raha yake ni kwamba mitindo inayokimbia saivi duniani ndo hiyohiyo inayotufaa. Suruali pana za kumwaga toka kiunoni mpaka chini (wazazi wetu walikua na bugaluu, ile ilibana mapajani ikafunguka magotini, hizi za sasa zinamwaga toka juu). Shati kubwa kama umeazima kwa kaka. Seti, yani shati na suruali ya kitambaa kimoja. Kizibao kinachovaliwa kama blauzi bila kitu ndani. Mistari. Polkadoti, yale madoadoa ya duara, yalivuma sana 2025 pamoja na ile njano iliyopauka, njano ya siagi. Halafu tangu mbunifu Chemena Kamali aonyeshe nguo zake za kwanza pale Chloé, ile nyumba ya mitindo ya Paris, Februari 2024, zimerudi blauzi nyepesi za marinda na mikono ya kumwaga. Vyote hivyo ni vitu vya nafasi, hewa inapita. Tungekua enzi za suruali za kubana mpaka kifundoni ningekua na kazi ngumu kuandika huu uzi.

Nakuja na vitambaa, ngoja nitoe maharage jikoni.

---

Shemeji wa Nkuhungu

Naweka kiti hapa mbele kabisa. Dada shusha vitu, nna kitambaa ndani tangu Pasaka kinanitazama tu.

---

Uzi na Mkasi

Haya shem, tuendelee. VITAMBAA. Hapa ndo pa kukaa zaidi, mshono mzuri kwenye kitambaa kibaya ni hasara tupu.

Mwaka juzi nlinunua yadi tano za kitambaa nikaambiwa lineni, rangi ya mchanga, kimekaa vizuri machoni, kina vile viuzi vinene vinene vya lineni. Nikashona seti, shati na suruali, nikapiga pasi mpaka ikasimama, nikaivaa Jumamosi moja ya Novemba kwenda sokoni Majengo na kurudi kwa mguu. Kufika Nyerere Square mgongo wote umelowa, suruali imenasa mapajani, na jasho halikauki limekaa tu pale juu ya ngozi. Nyumbani nikachomoa uzi kwenye pindo nikauchoma. Ukajikunja, ukatoa moshi mweusi, ukabaki kishanga kigumu cheusi. Polista tupu, yani nyuzi za plastiki.

Tangu siku hiyo sinunui bila kupima, na namuomba muuzaji kistaarabu kabisa, wengi hawakatai. Chomoa nyuzi mbili tatu za pembeni, washa kiberiti. Pamba na lineni vinawaka kama karatasi, harufu ya karatasi, majivu laini ukiyagusa yanapukutika. Polista inayeyuka, inanuka plastiki, inaacha kile kishanga. Mchanganyiko unawaka kidogo na unaacha vipunje vigumu ndani ya majivu. Viskosi (wengine wanaita reyoni) nayo inawaka kama karatasi kwa sababu inatokana na mti, na yenyewe ni ya baridi sana mwilini, inamwaga vizuri, shida yake ntaisema. Kama hutaki moto, finya kitambaa kwenye ngumi kwa nguvu sekunde kumi ukiachie. Lineni na pamba vitabaki vimekunjamana, polista itarudi ilivyokua kama hujaigusa. Au dondosha tone la maji, likizama haraka ni dalili nzuri, ila kitambaa kipya chenye wanga nyingi kinaweza kukataa maji hata kama ni pamba, kwaiyo usitegemee maji peke yake.

Shida ya viskosi sasa. INARUDI. Nlishona suruali pana nzuri sana ya polkadoti, nyeusi na doti nyeupe, nikaikata vile vile ilivyotoka dukani. Kuivaa mara moja, kuifua, kuianua, suruali iliyokua inagusa unyayo imepanda juu ya kifundo. Hamna cha kufanya hapo, nlimpa mdogo wangu ambaye ni mfupi. Kitambaa chochote cha pamba, viskosi au lineni kifue KABLA ya kukata, vile vile utakavyokua unaifua nguo yenyewe, anika, piga pasi, ndo ulaze mezani. Na ununue robo yadi ya ziada kwa ajili ya hiyo kazi. Viskosi ikilowa inakua dhaifu pia, usiikamue kwa kuisokota kama taulo.

Kitenge: angalia ni pamba au laa, saivi vya polista vimejaa na vinang'aa vizuri tu. Kitenge cha pamba ni kizito kidogo kwa shati la Novemba ila kwa suruali pana na kizibao kinasimama safi. Wa kwenda Kariakoo, tangu treni ya SGR ifike huku 2024 safari imekua rahisi, nenda na kiberiti chako.

---

Mzee wa Kizota

Kuna kitu umesahau mleta mada. UPEPO. Mwezi wa nane na wa tisa hapa vumbi na upepo, mke wangu alishona sketi ya duara ikamfedhehesha pale stendi.

---

Uzi na Mkasi

Sijasahau mzee wangu, nlikua naelekea huko na pole kwa shemeji. Sketi ya duara ya kitambaa chepesi Dodoma ni mtihani. Mi nimeacha kabisa, navaa suruali pana, ukisimama inaonekana kama sketi na upepo ukija haina mahali pa kukupeleka. Anayetaka sketi kweli, afanye ya kufunga kwa mbele lakini kile kipande kinachopandiana kiwe kipana, walau kimfike ubavuni upande wa pili, na kifungo kidogo cha ndani kwenye paja. Pindo lake likunjwe pana, inchi 2 na zaidi, uzito wa pindo unashusha sketi chini.

Na vumbi letu lile la udongo mwekundu, nyeupe kabisa inateseka. Hapa ndo njano ya siagi inanifurahisha, na rangi ya mchanga, na kahawia iliyoiva, vumbi likikaa halipigi kelele. Zambarau ya zabibu nayo naipenda sana, na ukikaa Dodoma rangi ya zabibu unaielewa bila kuelezwa.

Haya SURUALI PANA ya lastiki, tuanze nayo maana haina zipu na haihitaji ufundi mkubwa.

Pima vitu vinne. Kiuno, hipsi pale palipojaa zaidi, urefu toka kiunoni mpaka unapotaka iishie (vaa viatu utakavyovaa nayo), na cha nne ndo watu wanakiruka: kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima, pima ubavuni toka kiunoni mpaka kwenye kiti. Ongeza inchi 1, inchi 1 na nusu kama unapenda ikae huru. Hicho ndo kina cha makalio. Ukikosea hapo suruali itakubana katikati kila ukiinama, na huwezi kuirekebisha kwa kufumua.

Kama huna patani (karatasi ya kukatia), chukua suruali ya kulalia inayokukaa vizuri, ikunje mguu juu ya mguu, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, chora kwa chaki ukiacha nusu inchi na ushee ya mshono pande zote, halafu kuanzia pale panapoanza mguu shuka na mstari ulionyooka mpaka chini, usiufuate ule mguu wa zamani unaosinyaa. Mbele na nyuma ni tofauti, nyuma panapanda juu zaidi na mkunjo wake umeingia ndani zaidi, usikate vipande vinne sawasawa, makalio yana haki zao. Juu ongeza inchi 2 za kukunja lastiki. Kwa kitambaa cha upana wa inchi 45 mimi natumia yadi mbili na nusu mpaka tatu, nina urefu wa kawaida tu.

Halafu uzi wa kitambaa, yani nyuzi zinazokwenda sambamba na ule ukingo wa kiwandani, uende wima na mguu. Ukilaza kipande upande upande ili kubana kitambaa, mguu mmoja utajizungusha ukitembea. Hili niamini.

Lastiki iwe na upana wa inchi 1 na nusu, na kama inazunguka kiuno chote, urefu wake ni kiuno chako toa inchi 2. Siri ya kuifanya isionekane nguo ya kulalia: weka lastiki nyuma tu. Mbele tumia mkanda bapa wenye kitambaa kigumu cha kugandisha kwa pasi ndani yake, lastiki ishikwe ubavuni. Ukichomekea shati kwa mbele mtu haoni lastiki kabisa, anaona suruali ya ofisini.

---

Mama Wawili

Mimi sina mashine ya ovaloki, kila nikishona ndani inatoa nyuzi nyuzi mpaka aibu. Nafanyaje jamani?

---

Uzi na Mkasi

Mama Wawili mimi pia sina ovaloki, na kwa vitambaa vyepesi siihitaji. Fanya mshono wa kuficha. Weka vipande viwili NDANI kwa NDANI, yani sura ya kitambaa iwe inaonekana kwako, najua unahisi unakosea, shona robo inchi toka ukingoni. Punguza zile nyuzi kwa mkasi zibaki nyembamba. Geuza sasa sura iwe ndani, piga pasi ule mstari ukae kwenye ncha kabisa, shona tena robo inchi na ushee. Zile nyuzi zote zimefungiwa ndani, hazitoki hata ufue mara mia. Siku ya kwanza nilipofanya kwenye blauzi ya voili (kile kitambaa chepesi sana) nilikaa naigeuza geuza ndani nje nikiangalia tu. Kwenye kitenge kinene na kwenye mkunjo wa makalio usifanye hivyo, patavimba, hapo peleka kwa jirani mwenye ovaloki, wanatoza pesa kidogo.

Sindano pia. Voili, viskosi, khanga: namba 11. Kitenge na lineni ya kawaida: 14. 16 ni ya jinzi. Watu wanashona kitambaa laini na sindano 16 iliyochoka halafu wanalaumu cherehani. Kaa na pakiti, badilisha kila baada ya nguo mbili tatu.

---

Shemeji wa Nkuhungu

Na shati? Nataka lile la khanga nilikuona nalo kwenye picha ya profaili.

---

Uzi na Mkasi

Hilo ndo nguo yangu ninayoipenda kuliko zote, ngoja nieleze taratibu.

Khanga ya pamba ni nyepesi, bei yake nafuu, na inakuja imeshachorwa. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kama sentimita 150 kwa 110, kina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina chini. Watu wanakata khanga kama kitambaa cha kawaida, pindo linaishia kwenye mabaki na jina linakatwa katikati. Mimi nafanya hivi. Fua kwanza, wanga itoke. Kipande cha kwanza kata MGONGO, chini ya mgongo ikae ile pindo ndefu ya chini, kwaiyo jina linaangukia juu kidogo ya pindo, mgongoni kwako, kama jina ni fupi linakaa lote. Tafuta katikati ya maandishi, siyo katikati ya khanga, maana mara nyingine yamechapwa yakaenda pembeni kidogo. Kipande cha pili toa MBELE mbili: ile pindo ya upande wa kushoto wa khanga inakua ukingo wa mbele wa kushoto, na ya kulia inakua wa kulia, chini tena pindo ndefu. Ukifunga vifungo unapata pindo mbili zimesimama kifuani kama zimedariziwa. Mikono inatoka kwenye mji uliobaki juu ya mgongo.

Nafasi: chukua kifua chako ongeza inchi 8, mimi naongeza hata 10. Mabega yashuke inchi 1 na nusu nje ya bega lako. Mkono uishie kwenye kiwiko. Kola ya wazi, ile inayolala kifuani isiyobana shingo. Ubavuni acha mpasuo wa inchi 4 kila upande, ndo mlango wa hewa. Vifungo nilitumia vya kifuu cha nazi nilivyotoa kwenye shati la mtumba (mtumba wa nguo, siyo Mtumba kule wizarani).

Shingoni usitumie kitambaa kigumu kizito, kinageuka jiko. Kata ukanda wa mshazari kwenye mabaki ya khanga hiyo hiyo, inchi 1 na robo, uzungushe. Mshazari unajikunja vizuri kwenye duara, ukikata wima utakunjamana.

Hata kizibao nacho ni hivyohivyo: bitana iwe pamba nyepesi, ukiweka ile bitana ya kuteleza ya polista umefuta faida yote ya kitambaa cha juu.

---

Mzee wa Kizota

Na sisi wanaume tunaruhusiwa hilo shati?

---

Uzi na Mkasi

Mzee wangu ndo linawapendeza zaidi, shati la kola ya wazi la mikono mifupi liko kwenye mitindo ya wanaume kila mahali saivi. Upande wa kushoto ukae juu ya wa kulia kwenye vifungo, kwapa lishuke zaidi, kama khanga unaona imezidi maua chagua ya mistari au kitenge chepesi. Mwambie shemeji akupime ukiwa umevuta pumzi.

---

Bibi Chamwino

Wajukuu mimi macho hayaoni sindano tena, nampelekea fundi kila kitu na kila kitu kinarudi kinabana. Na kazini kwa binti yangu serikalini wana masharti ya mavazi. Tusaidie na sisi.

---

Uzi na Mkasi

Shikamoo bibi. Binti asiwe na wasiwasi, masharti ya mavazi ya utumishi yanakataa vya kubana, vifupi na vya kuonyesha mwili, na hizi zote ni ndefu na zimemwaga, kizibao tu ndo avalie blauzi ndani.

Kwa fundi, bibi, tatizo ni kwamba tunapeleka picha na kitambaa tunaondoka. Fundi anakupima anakata kulingana na mwili, kwa sababu wateja wengi wanataka shepu ionekane, na mimi simlaumu. Mimi nlishapelekaga gauni la kumwaga likarudi limebana mpaka siwezi kuinua mkono kushika bomba la daladala, na ilikua siku mbili kabla ya sendoff. Sasa mpelekee nguo moja pana unayoipenda, mwambie nataka nafasi kama ya hii. Mtajie namba, inchi 8 za ziada kifuani, inchi 6 hipsi, aandike kwenye daftari lake mbele yako. Mpe kitambaa kikiwa kimeshafuliwa na umwambie kimeshafuliwa. Muombe aache inchi nzima ya mshono ubavuni, ikibana inafunguliwa. Na nenda mapema, wiki ya mwisho kabla ya sikukuu hata fundi mzuri anakimbizana.

Kwako bibi ningeshona gauni lenye kipande bapa mabegani, chini yake marinda madogo yanaanzia juu ya kifua yanamwaga mpaka kifundoni, mikono robo tatu, mifuko miwili mikubwa ubavuni. Kama dera lakini limetulia mabegani, halishuki shuki. Voili au khanga, yadi nne. Juni na Julai asubuhi ikishuka nyuzi 13 huko Chamwino, unatupia sweta juu na kilemba maisha yanaendelea.

---

Mama Wawili

Nimechoma nyuzi za vitambaa vyangu vyote vya kabatini. Vitatu vimeacha kishanga 😭

---

Uzi na Mkasi

Pole Mama Wawili, usitupe. Polista haipauki haraka juani na inakauka upesi, shonea mapazia, mifuko ya sokoni, au koti jepesi la jioni za mwezi wa sita. Vile vilivyotoa majivu laini niambie ni yadi ngapi na upana gani, tukate pamoja. Mi kesho asubuhi nakata seti ya mistari, buluu na nyeupe, kitambaa kimeshakauka kwenye kamba, ntaweka picha ya vipande vikiwa mezani kabla sijashona.